Mbuzi wa Uzazi

Mbuzi alishushwa kwanza, ndipo akashuka mama.

Ilikuwa siku ya soko, na pikapu ya kutoka Vudee, kijijini mlimani, ilisimama mbele kabisa ya duka la Asnath, mahali ambapo dereva yule hamsimamii mtu yeyote. Utingo alimteremsha beberu mweusi kwa kumshika pembe na mkia. Kisha akampa mkono bibi mfupi aliyejifunga kanga mbili, aliyekumbatia kibuyu cha samli kifuani kama anayebeba mtoto.

Asnath alitoka dukani mbio. "Shikamoo, mama. Mbona hukutuma mtu kusema unakuja?"

"Marahaba. Funga duka."

"Mama, leo soko. Wateja..."

"Wateja wana miguu, watarudi. Nimesema funga. Leo unaingia ndani."

Redempta, fundi cherehani aliyepanga kibaraza cha duka hilo, alikata uzi kwa meno akasahau kuutema. Neno lile halikuhitaji kufafanuliwa, si kwa Wapare wala kwa Wahaya wa kwao Redempta. Anayeingia ndani ni mwanamke aliyejifungua. Hukaa chumbani na kichanga chake, hashiki jembe wala hasogelei kuni. Huogeshwa kwa maji ya moto, hufungwa tumbo kwa kanga, na hulishwa, hulishwa, hulishwa, mpaka siku anapotoka amenawiri na watu waseme kweli, huyu ana mama. Lakini Asnath alikuwa na miaka thelathini na minane, na mwanawe wa pekee, Eliaichi, alikuwa kidato cha kwanza shule ya bweni.

"Nitaingia ndani na nani, mama? Kichanga kiko wapi?"

"Utaingia na mimi." Mama alimtazama kuanzia kilemba hadi kandambili. "Jitazame, mwanangu. Jitazame tu."

Akamkabidhi Redempta kamba ya mbuzi bila kumwuliza kama anaitaka, akapita ndani.

Cha kujitazama kilikuwa kimebaki kidogo. Mwaka mmoja nyuma Asnath alikuwa mwanamke ambaye mji mzima ulimwita Mama Fuso, kwa jina la lori, naye akaitika. Biashara huria ilimkuta na meza moja ya mitumba. Akaiacha meza, akafungua duka la vitenge, na duka lilivyozidi kupanuka, naye alipanuka. Hakuna aliyeona ubaya. Watu waliowahi kupanga mawe kwenye foleni ya sukari, kila mtu na jiwe lake la kumshikia nafasi, walimwona Asnath akipita wakaamini kwamba kweli dhiki imekwisha. Mwili wake ulikuwa habari njema.

Habari njema hiyo ililala imeketi, kwa sababu ikilala chali ilikosa pumzi. Magoti yalimuuma, presha haikushuka. Haya aliyavumilia. Kilichomshinda ni mazishi ya baba yake, wakati wa mvua za El Nino. Gari la waombolezaji lilikwama kwenye tope, kona ya chini ya Vudee, na watu wote wakashuka, wakakunja nguo, wakapanda mlima kwa miguu. Asnath alipanda kidogo, akakaa juu ya jiwe. Alijaribu tena, akakaa tena. Mwisho alibaki pale na Hezroni mumewe chini ya mwavuli mmoja, akisikia nyimbo za mazishi zikimshukia kutoka juu, katikati ya migomba. Udongo wa baba yake ulitupwa na mikono ya watu wengine.

Ndiyo maana alikwenda Nairobi. Watu waliambiwa amefuata mzigo wa vitenge. Katika hospitali moja ya huko daktari wa Kihindi alimpasua kuanzia chini ya kifua hadi karibu na kitovu, akaubana mfuko wake wa chakula kwa pini, ikabaki nafasi ya kikombe cha kahawa. "Utakula kidogo, utatafuna sana, utashiba mapema," alimwambia. Hakumwambia atawajibu nini watu wa mji wake, Same.

Watu wa Same walijijibu wenyewe. Miaka ile mtu akikonda haulizwi anaumwa nini; watu wanajua. Walimwona Asnath akipungua mwezi hata mwezi, wakasema ni ule ugonjwa, kisha wakaanza kumchunguza Hezroni kuona kama naye keshaanza. Wanawake waliozoea kunywa maji kwa kikombe chake pale dukani waligundua ghafla kwamba hawana kiu.

Waliojua ukweli ni wawili tu. Mmoja ni Hezroni, aliyepunguzwa kazi reli na sasa alifuga kuku nyuma ya nyumba. Wa pili ni Redempta, kwa sababu fundi anayepunguza magauni ya mtu huwezi kumdanganya kuhusu mwili wa mtu huyo.

"Pindo linakaa ndani, Mama Eliaichi," Redempta alimwambia kila alipotaka kusema. "Nani umemwona kageuza gauni akaenda nalo kanisani? Waache waseme. Miaka ikipita hujafa, wataona haya wenyewe."

Na Asnath alinyamaza. Wateja hawakumtisha kiasi hicho. Alinyamaza kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu huyo sasa alikuwa jikoni kwake akipuliza moto.

Maji yalipochemka mama aliyaleta chumbani kwenye karai, akakunja kanga juu ya magoti. "Vua nikuogeshe."

"Nitaoga mwenyewe, mama."

"Mzazi haogi mwenyewe."

"Mimi si mzazi."

"Nilikuogesha kabla hujajua kuwa una mwili," mama alisema. "Leo una kitu gani ambacho sijakiona?"

Asnath aliushika ukingo wa gauni lake kwa mikono miwili kama msichana. Chini ya gauni lile kovu lilikuwa bado jekundu, refu kama njia ya mchwa ukutani. Mama aliitazama ile mikono. Asnath aliona jinsi macho yake yalivyokuwa yakitafuta vidonda, mapele, alama za ugonjwa ambao hakuna aliyetaka kuutaja, kisha yakainama.

"Haya," alisema. "Utakapokuwa tayari."

Alitoka na karai, akarudi na bakuli la supu. Mbuzi mweusi alikuwa bado hai. Nyama hii ilinunuliwa sokoni. Beberu alikuwa wa Jumamosi, siku ya wageni. Samli ilielea juu ya supu kama jua. Asnath alikunywa vijiko vichache, akasema, "Asante, mama. Nimeshiba."

Uso wa mama ulibadilika. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyesikia hodi ya mtu anayemfahamu na asiyemtaka.

"Usiniambie neno hilo," alisema taratibu. "Neno hilo ni langu. Mimi ndiye niliyelitumia."

Akaketi kitandani. Na hapo, kwa Chasu, lugha ya Wapare ambayo mama huyu aliitumia alipokuwa hana nguvu za kujificha, alieleza kilichomleta.

Eliaichi alizaliwa mwaka ambao maduka yalikuwa na rafu tupu. Sabuni hakuna, watu walifulia majani ya mpapai. Sukari ya mgawo ilifika Vudee imelowa, na siku nyingine haikufika. Ukame ulikuwa umemaliza mifugo. Asnath alikuja kujifungulia kwa mama yake kama desturi, akaingia ndani, na badala ya mbuzi na samli alilishwa uji wa muhogo na unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada. Chakula kilipokuwa kidogo sana, mama aliisukuma sahani yake kwa binti na kusema: nimeshiba.

"Uliijua njaa yangu?" mama aliuliza.

"Niliijua, mama. Nikala hivyo hivyo. Nilikuwa nanyonyesha."

"Ulifanya sawa. Lakini haikutosha. Ulitoka ndani umekonda kuliko ulivyoingia, na wanawake wakaniangalia. Hukuzaa tena baada ya pale. Sasa watu wanakusema maneno yao, wanasema umeokota ugonjwa. Mimi najua ni nini. Ni uzazi ule. Mwili hausahau, Asnath. Ulingoja, ukanenepa kwa nguvu za uongo, na sasa umerudi kudai." Aligonga kifua chake kwa ngumi ndogo. "Na unadai kwangu. Ndiyo maana nimekuja na mbuzi. Kula."

Asnath alichukua bakuli. Alijua hapaswi. Alikunywa supu yote, akatafuna na mnofu mmoja, kwa sababu mama alikuwa akiufuata mkono wake kwa macho kama mtu anayesali. Kabla bakuli halijafika chini, maumivu yalimshika katikati ya kifua, mate yakamjaa mdomoni, akakimbilia uani. Alitapika akiwa ameshika ukuta wa banda la kuku, na mama akamshika mgongo akirudia, "Pole, pole, mwanangu, ni mimi, ni mimi."

Jioni, kabla ya taa kuwashwa, walikaa kibarazani watatu: Asnath, Hezroni na Redempta. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mguu wa meza ya cherehani na alishakula kipande cha kitenge.

"Mwambie vidonda vya tumbo," alisema Redempta. "Vidonda vya tumbo ni ugonjwa wa heshima. Hata maaskofu wanavyo."

"Jumamosi ataita umoja wa Vudee," Asnath alisema. Umoja ule ulikuwa wa wanawake wa Vudee waliohamia Same kwa ndoa au kwa biashara. "Kila mmoja atakuja na bakuli lake la kumlisha mzazi. Kila bakuli lazima nile. Ukikataa bakuli la mwanamke ni kama umemwambia mkono wake mchafu."

"Nyinyi Wapare hamwezi kuacha jambo likapita. Hata huyu mbuzi mtampeleka mahakamani."

"Kwa kitenge alichokula, atakwenda," alisema Hezroni. Kisha akageuka kwa mkewe. "Mwambie mama yako ukweli. Jumamosi bado mbali kidogo."

"Nimwambie nini? Kwamba, mama, wewe ulilala njaa ili mimi nile, na mimi nimetoa fedha ili nisile?" Sauti ilimpanda, akaishusha. "Nimwambie hivyo, kwa mdomo huu aliousukumia sahani yake?"

Kutoka jikoni walisikia mwiko ukikwangua chungu.

"Na kuna jingine," Hezroni alisema. "Tangu amefika, umemwona akila?"

Asnath aliinuka akaenda jikoni. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya chungu cha makande aliyoyapika kwa ajili ya nyumba nzima. Mahindi yameiva, maharage yameiva, mvuke unapanda. Sahani zilikuwa nne. Tatu zilikuwa zimepakuliwa, ya nne ilikuwa kavu.

"Mama, hujala."

"Nimeshiba," alisema mama.

Asnath alisimama mlangoni. Aliyekuwa amerudi kwenye njaa ya miaka ile hakuwa yeye. Mwanamke aliyeketi mbele ya chungu kilichojaa ndiye aliyerudi, tena alirudi kwa sababu binti yake alinyamaza. Siri aliyoitunza ili asimwumize mama ilikuwa inamla mama yule yule, pole pole.

Maneno hayakuwa tayari. Lakini asubuhi ya Jumamosi, kabla wageni hawajaja, alibandika maji mwenyewe. Yalipochemka aliyamimina karaini, akayapooza kidogo, akayaingiza bafuni, akaita.

"Mama. Njoo uniogeshe."

Mama aliingia akifuta mikono kwenye kanga. Asnath alikuwa amesimama kwenye saruji bila nguo, amemgeukia. Hakujifunika.

Mama alikaribia, akachuchumaa, akaweka kidole kwenye ncha ya juu ya kovu na kukiteremsha hadi chini, taratibu, kama anayepima mshono wa fundi.

"Nani amekufanyia hivi?"

"Daktari. Nairobi. Mimi ndiye niliyemwomba, mama. Sina ugonjwa wowote. Uzazi ule haujadai kitu. Walinibana tumbo ili nile kidogo. Kila unapoona nimekonda, ni hili tu, hakuna jingine."

"Ulimlipa?"

"Nilimlipa."

"Ili usile."

"Ili nisile sana."

Mama alicheka kwa pumzi ya pua, kicheko kisichokuwa na furaha hata chembe. "Mimi nilikuwa nahesabu matonge... hapana. Sitasema." Aliokota kata, akachota maji, akammwagia mgongoni yakiwa bado ya moto mno, naye Asnath hakulalamika. "Miaka yote nimejilaumu kwa bakuli ambalo sikuwa nalo. Na wewe ulikuwa unatafuta mtu wa kukufungia mdomo."

"Nilikuwa natafuta njia ya kwenda kwa baba."

Mkono wenye kata ulisimama.

"Nilikaa kwenye jiwe, mama. Kona ya chini. Niliwasikia mkiimba. Nilijua mko ubeti gani, najua hata ni nani aliyepotea sauti, na sikuweza kupanda. Sijaliona kaburi la baba yangu mpaka leo. Unadhani nilikuwa nimeshiba siku ile? Nilikuwa nimebeba mwili unaosifiwa na mji mzima na hauwezi kunifikisha kwa baba."

Mama aliweka kata chini. Alimsugua mabega, kisha mikono, kisha tumbo, akilizunguka kovu kwa uangalifu wa mtu anayepita karibu na kiota. Alipomaliza alichukua kanga kavu, akamfunga tumbo kama mzazi, akavuta fundo.

"Hawa wanaokuja," alisema hatimaye, "wasijue. Unanisikia? Hawa nitawamudu mimi. Mji huu una midomo."

Walikuja saa nne wakiwa wamevaa vitenge vya kanisani, kila mmoja na bakuli lililofunikwa kwa kitambaa cha kudarizi. Aliyewaongoza ni Mama Eliufoo, mzee mwenye miwani ya kamba na ulimi usiokuwa na breki. Walimkuta Asnath kitandani ameegemea mto, wakampa mkono wa haraka haraka, mkono wa watu wanaoogopa kuambukizwa na kuogopa zaidi kuonekana wanaogopa.

"Mzazi hajambo?" aliuliza Mama Eliufoo.

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, tumekuja kukulisha. Nimekuletea ndizi na utumbo, nimekorogea samli mwenyewe. Nataka nione kijiko kinaingia na kinatoka kitupu."

Bakuli lilifunuliwa. Harufu ilijaa chumbani, tamu, nzito. Asnath alikula kijiko kimoja, akatafuna mpaka kikawa maji. Cha pili. Cha tatu alikishika hewani, akakirudisha.

"Ndizi zangu zina nini?" alisema Mama Eliufoo.

"Ni nzuri mno, mama."

"Nzuri hazirudi bakulini." Aliwageukia wenzake. "Mnaona? Ni yale yale yanayosemwa. Mgonjwa wa ugonjwa ule hata ukimpa mana hali. Mama Asnath, sisi ni watu wa kwenu, tuambie ukweli ili tujue tunaombea nini."

Mama wa Asnath alikuwa amesimama karibu na mlango. Alijifunga upya kanga yake kiunoni, na alipoanza kusema sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa ushahidi.

"Ugonjwa hana. Kosa ni langu. Mnakumbuka alipomzaa Eliaichi? Mimi ndiye niliyemwingiza ndani na uji wa muhogo. Nilimtoa ndani na njaa, na mbele yenu nikasema amekula. Tumbo lake lilikufa pale. Kama mnataka kumsema mtu, nisemeni mimi. Mimi ndiye mama ambaye..."

"Mama, basi."

Asnath alikuwa ameteremsha miguu kitandani. Alijua hasa kinachofanyika. Mama yake alikuwa anaisukuma tena sahani. Safari hii kilichokuwa juu ya sahani ni heshima yake yote ya uzeeni, na alikuwa anaisukuma huku anasema ameshiba.

"Mama yangu hakuninyima kitu," Asnath alisema. "Alininyonyeshea mjukuu kwa njaa yake mwenyewe. Mimi nimepasuliwa. Nairobi, kwa hiari yangu. Nilikuwa siwezi kupumua, siwezi kutembea, nikaenda kupunguzwa tumbo. Ndiyo maana nakula kidogo. Hakuna ugonjwa, hakuna laana, hakuna uzazi uliodai. Ni hivyo tu."

Kuku aliingia, akawatazama, akatoka.

"Kupunguzwa tumbo," Mama Eliufoo alirudia. "Tumbo lenyewe? Halafu kilichokatwa wanakipeleka wapi?"

"Hawakukata kitu. Wamebana kwa pini."

"Pini? Kama daftari?"

"Kama daftari, mama."

"Tuone."

Asnath alifungua fundo la kanga. Vichwa vyote vilisogea, hata vile vilivyompa mkono wa haraka. Mmoja alisema "Yesu wangu." Mwingine aliuliza kama hizo pini zinashika kutu mtu akinywa chai. Mwingine, mwanamke mnene aliyeketi karibu na dirisha, hakuuliza kitu, lakini alitazama kovu kuliko wote, na mkono wake ulikuwa juu ya goti lake mwenyewe.

"Wewe mtoto una wazimu," Mama Eliufoo alitangaza. "Sisi tumekufa na njaa, tumekula mizizi, tumepigana kwenye foleni, wewe unakwenda kujifunga mdomo kwa pini." Akavua miwani, akaifuta. "Lakini unapumua?"

"Napumua, mama. Nalala chali."

"Unalala chali." Mzee alilifikiria jambo hilo kwa heshima. "Mimi sijalala chali tangu ushirika uvunjike." Na chumba kizima kikapasuka kwa kicheko, kile kicheko cha wanawake kinachoanza kwa mmoja na kumalizikia kwa jirani.

Mama wa Asnath peke yake hakucheka. Alikuwa ametoka. Wakasikia vyombo vikigongana kabatini, kisha akarudi na sinia. Juu ya sinia kulikuwa na vikombe vya kahawa, vile vidogo visivyo na mkono ambavyo Hezroni aliviweka kwa wageni wake. Alichukua bakuli la Mama Eliufoo, akapakua ndizi kidogo, akazisaga kwa mgongo wa kijiko, akajaza kikombe kimoja. Akafanya hivyo kwa bakuli la pili. Na la tatu.

"Kila mkono atauonja," alisema, bila kumtazama mtu. "Hiki sasa hivi. Hiki mchana. Vingine kesho, na keshokutwa. Hakuna bakuli litakalorudi halijaguswa. Mzazi wangu anakula kwa kikombe. Mwenye neno?"

Jumatatu duka lilifunguliwa, na habari zilikuwa zimeshafika sokoni mbele yake. Redempta alimkaribisha kwa kuchezesha pedali ya cherehani.

"Nusu wameamini. Nusu wanasema umewauzia Wazungu utumbo."

"Kwa bei gani?"

"Ya jumla. Wewe ni mfanyabiashara." Akanyoosha kitambaa chini ya sindano. "Mimi nilikuambia unyamaze. Nilikosea, ila sitarudia kusema hivyo, kwa hiyo sikia vizuri. Na kuna mtu ndani anakusubiri."

Ndani ya duka, yule mwanamke mnene wa karibu na dirisha alikuwa akikunjua kitenge ambacho ni wazi hakuwa na nia ya kukinunua. Alikikunja, akakikunjua tena. "Dada Asnath," alinong'ona, "inauma sana?" Asnath alivuta viti viwili.

Mbuzi hakuchinjwa. Mama alisema hataua mnyama mzima kwa ajili ya kikombe cha kahawa. Arudi Vudee azalishe ukoo. Siku ya kurudi, Asnath alifunga duka bila kuambiwa, akapanda pikapu pamoja na mama na mbuzi, na barabara ikaanza kujizungusha juu ya milima, tambarare ya Same ikibaki chini nyeupe kwa mkonge na vumbi. Walipofika kona ya chini ya Vudee aligonga paa la gari.

"Mama Fuso, leo hatujakwama!" dereva alipaza sauti.

"Najua. Tushushe."

Tope lilikuwa limekauka zamani. Jiwe lilikuwa pale pale, dogo kuliko alivyolikumbuka. Asnath alishika kamba ya mbuzi, akaanza kupanda. Alipumzika penye mteremko wa maji, akapumzika tena kwenye migomba ya kwanza, lakini kila mara aliinuka mwenyewe. Aliposikia kimya nyuma yake aligeuka. Mama ndiye aliyekuwa amebaki chini, amekaa juu ya jiwe lile, kanga imeteleza begani, anahema.

Asnath alirudi chini. Kutoka kwenye kikapu alitoa kibakuli cha makande kilichofunikwa kwa kitambaa cha kudarizi cha Mama Eliufoo, akampa mama na kijiko.

"Kula kwanza."

"Nimeshi..." mama alianza, akamwona binti yake anavyomtazama, akakatisha. Walitazamana. Mama ndiye aliyeanza kucheka, kwanza kwa mabega, kisha kwa mwili wote, mpaka mbuzi akarudi nyuma kwa hofu.

"Nina njaa," alisema. "Nina njaa mno, mwanangu." Akala makande yote, mpaka kijiko kikagonga chini ya kibakuli, huku Asnath amesimama pembeni yake na kamba mkononi, akitazama juu, ambako bati la kanisa lilikuwa linang'aa, na kando ya kanisa, kaburi.